Mama Alisema Mbili

Yona Ntandu alipanda minara ya upepo ya Singida kwa miaka kumi na mmoja bila kuteleza hata ngazi moja, akaja kuangushwa na dumu la maji. Aliinama jikoni kwake kuliinua, akasikia kitu kimefyatuka kiunoni, na tangu asubuhi hiyo moto ulikuwa ukitoka tako la kushoto, ukishuka nyuma ya paja, ukipita kando ya goti hadi kwenye kidole gumba cha mguu. Aliingia kituo cha tiba ya viungo akiwa ameegemea bega la mama yake. Mwanamume wa miaka thelathini na minne, pande la mtu, na mama mwenyewe alimfika kifuani.

Mtaalamu Eliwaza Kitundu alimlaza kitandani, akauinua mguu wa kushoto ukiwa umenyooka. Haujafika hata nusu ya safari, Yona aliuma meno.

"Sayatika," alisema Eliwaza. "Diski moja katikati ya pingili za mgongo imetokeza, inaubana mzizi wa neva kubwa ya mguu. Neva haijafa, imebanwa tu. Hii inapona."

"Kwa muda gani, dada?"

"Kwa mazoezi ya mkeka, wiki kumi. Kumi na mbili ukiwa mvivu."

Yona alicheka, na hakukuwa na cha kuchekesha. Kampuni ya minara ilikuwa imempa siku kumi na tano. Siku ya kumi na sita angepimwa uzima wa kupanda, na akishindwa, mnara wake ungepewa mjusi. Mijusi ilikuwa mashine za miguu sita zilizoanza kuonekana minarani tangu mwaka juzi. Hazikuwa na kiuno cha kuuma wala mke mwenye mimba ya miezi saba. Kati ya wapandaji sitini walikuwa wamebaki tisa, na kila mmoja wa hao tisa alilala akiota mjusi.

"Basi mkeka hatuutaki," alisema mama yake. Jina lake Damari, mjane, mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa na watoto. "Sisi tumekuja kwa ajili ya mikanda, binti yangu."

Eliwaza alijua wangesema hivyo. Miaka mitano sasa hakuna aliyekuja kwa ajili ya mkeka. Ulikuwa umekunjwa nyuma ya kabati, panya wameshauanza pembeni.

Mikanda ilikuja miwili miwili. Wa mgonjwa ulifungwa kiunoni. Ulisoma kila neno ambalo neva ilitaka kuupelekea ubongo, na ukalizuia lisifike. Wa pili ulifungwa kiunoni mwa mtu mwingine, akalipokea neno hilo yeye. Mtu huyo aliitwa msikizi. Mgonjwa asiyesikia maumivu hasiti kwa hofu wala hakazi misuli kujikinga. Unamkunja, unamnyoosha, unaitelezesha neva yake ndani ya ala yake kama uzi katika tundu la sindano, naye anakuuliza habari za mpira. Kazi ya wiki kumi na mbili ilimalizika kwa siku kumi na mbili. Ila maumivu ni mlinzi, na mlinzi huwezi kumfukuza nyumba ikabaki salama. Ndiyo maana ilibidi awepo wa kumsikiliza. Mtaalamu alivuta mguu, akauliza, "Ngapi?" Msikizi akajibu namba, tangu sifuri hadi kumi. Ikifika tano, kazi ya siku hiyo imekwisha. Ikifika saba, mikanda inavuliwa, mgonjwa anarudi kwenye mkeka.

Mashine haikuweza kuitaja namba hiyo yenyewe. Ilijua umeme, haikujua kuuma. Wataalamu wa mikanda walihangaika miaka mingi na jambo hilo, wakaishia kumwachia binadamu, na binadamu tunamjua.

Halafu mikanda ilichagua damu. Ndugu wa damu alipokea vizuri zaidi kuliko mgeni. Mke wa Yona si damu yake, na tena alikuwa mjamzito, baba alishafariki, ndugu zake wametawanyika hadi Mpanda. Alibaki Damari. Ukutani, juu ya kitanda cha mazoezi, kituo kilikuwa kimebandika kwa herufi kubwa: UCHUNGU WA MWANA AUJUAYE MZAZI. Waliochagua methali hiyo walikuwa vijana wa matangazo ambao hawajalea hata kifaranga.

"Mama, ujue si mchezo," Eliwaza alimwambia akimfunga mkanda juu ya kanga. "Utakachosikia ni chake, lakini kitauma mguuni kwako. Mimi sioni chochote. Mimi nina masikio tu. Ukinidanganya, nitamvunja mwanao kwa mikono hii."

"Nimezaa watoto sita," Damari alisema. "Nyumbani. Mama mkwe wangu ameketi mlangoni anasikiliza. Muulize jirani yeyote kama alisikia kitu."

Alisema hivyo kwa fahari, na Eliwaza, aliyetoka tarafa ileile, aliielewa fahari hiyo vizuri. Mwanamke aliyepiga kelele siku ya uchungu aliimbiwa wimbo wa kumcheka harusini kwa mtoto wake huyohuyo, miaka ishirini baadaye. Nyanya yake Eliwaza aliimbiwa. Eliwaza alipaswa kumkatalia Damari hapohapo. Badala yake alitabasamu, kwa sababu lilikuwa jibu zuri.

*

Siku ya kwanza mguu ulioinuliwa ulifika nyuzi arobaini. Siku ya tatu ulifika hamsini na tano.

"Ngapi, mama?"

"Mbili."

Yona alikuwa amelala chali, mikono nyuma ya kichwa, anasimulia jinsi mjusi mmoja ulivyokwama kwenye mnara wa saba na kupanda ukishuka, kushuka ukipanda, mpaka wakauzima kwa fimbo. Alikuwa mcheshi akiwa hana maumivu. Ilikuwa raha kumsikiliza.

"Na sasa?"

"Mbili, binti."

Siku ya tano Eliwaza alianza kufurahi, na hapa tusimhukumu mapema. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtaalamu wa viungo wa miaka kumi na tisa kazini ambaye hakuna mtu aliyewahi kumpigia makofi. Katika kituo kile hakuna aliyewahi kuvuka nyuzi sabini kabla ya siku ya nane. Yeye alikuwa amezivuka siku ya tano. Mkuu wa kituo alipita mara mbili kuangalia. Mara ya pili alikuja na wageni.

Siku ya sita ndipo alipoangalia upande ambao hakupaswa kuangalia. Mtaalamu hufundishwa kumtazama mgonjwa na kumsikiliza msikizi. Macho kwa mmoja, masikio kwa mwingine. Alikuwa ameushika mguu wa Yona juu kabisa, akaurudisha unyayo nyuma kidogo ili neva ijinyooshe, akauliza namba, akageuka.

Damari alikuwa ameketi wima kwenye kiti chake. Uso ulikuwa mtulivu kama wa mtu aliye kanisani. Lakini kandambili ya mguu wa kushoto ilikuwa imemtoka, na vidole vya mguu huo vilikuwa vimekunjamana, vyeupe kwenye viungo, vinakwaruza sakafu. Pindo la kanga lilikuwa limelowa. Alikuwa ametoka kulitoa mdomoni.

"Mbili," alisema.

Eliwaza aliushusha mguu.

"Tumeishia hapo leo?" Yona aliuliza. "Mbona mapema?"

"Pumzika kwanza. Mama, njoo unisaidie kukunja shuka."

Hakukuwa na shuka la kukunja. Walisimama kwenye ujia nyuma ya chumba, kando ya kabati la mkeka, na Damari alifika akiburuta mguu ingawa mkanda ulikuwa umeshazimwa.

"Mama, hiyo haikuwa mbili."

"Wewe umeisikia?"

"Nimekuona."

"Uliambiwa utumie masikio." Damari aliegemea kabati. Jasho lilikuwa limesimama juu ya mdomo wake, hakulifuta. "Sikiliza, binti yangu. Nikisema tano leo, kesho nitasema tano. Nikisema saba, mnamrudisha kwenye mkeka. Siku kumi na tano zinapita, mjusi unapanda. Yona hajui kazi nyingine. Baba yake alipokosa kazi alikaa barazani miaka minne anaangalia barabara, mpaka akafa akiangalia barabara. Nimemwona mmoja. Wa pili sitaki kumwona."

"Maumivu yanatuambia kitu. Neva inalia kwa sababu inavutwa kupita kiasi."

"Na mimba inalia. Ukivumilia, mtoto anatoka."

"Hii si mimba, mama!"

"Kwangu mimi ni ileile. Yumo humo humo, na mimi ndiye ninayesukuma." Kisha akalainika, akamshika Eliwaza mkono kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. "Wewe andika ninachosema. Kazi yako si kuandika ninachosema? Basi. Dhambi ni yangu."

Sheria ilikuwa upande wa Damari. Namba ni ya msikizi. Mtaalamu haruhusiwi kuibadilisha. Sheria hiyo iliwekwa ili wataalamu wenye haraka wasishushe namba, na hakuna aliyewaza kwamba siku moja mtaalamu angetaka kuipandisha. Lakini alikuwa na haki ya kusimamisha tiba kwa mashaka. Mstari mmoja tu kwenye fomu, na saini. Eliwaza aliufikiria mstari huo. Alimfikiria pia Yona anayecheka chumbani, na mzee aliyeangalia barabara miaka minne, na wageni wa mkuu wa kituo. Alijiambia kuwa labda ni nne. Labda ni nne, na huyu mama ni mwepesi wa kutoka jasho.

Aliandika mbili.

*

Siku ya tisa, Jumatano, Damari alibadilika. Alikuja na karanga za kukaanga ndani ya kikopo, akazila wakati mwanawe akikunjwa. Kandambili zilikaa miguuni. Alimtania Eliwaza kwamba mwanamke mwenye mikono mizito namna ile angesonga ugali wa kulisha harusi nzima.

"Ngapi, mama?"

"Mbili." Na akatupa karanga mdomoni.

Eliwaza alimtazama kwa makusudi, sheria au si sheria, na safari hii uso na miguu vilisema jambo moja. Moyo wake ulishuka mahali pake. Kumbe tumevuka, alijiambia. Mguu ulikuwa nyuzi themanini na tano. Usiku huo alilala usingizi wa mtoto.

Kama namba ingeshuka kutoka tisa hadi sifuri kati ya Jumanne na Jumatano, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeruka kutoka kitini. Neva haiponi kwa siku moja. Neva iliyokuwa inapiga yowe jana ikanyamaza leo haijapona, na kila kitabu cha tiba ya viungo kinasema hivyo katika sura ya pili. Lakini kutoka mbili kwenda mbili, nani ataruka?

Siku ya kumi na mbili Yona alikuja kwa miguu yake mwenyewe, mama yake akimfuata nyuma na mwavuli. Eliwaza aliwasikia kabla ya kuwaona. Ujia wa kituo ulikuwa wa saruji, na hatua za Yona zilisikika hivi: tap, paa. Tap, paa. Mguu wa kulia ulitua, wa kushoto ulipiga.

Aliinuka kutoka mezani. Aliangalia kiatu cha kushoto mlangoni. Ngozi ya mbele, chini ya kidole gumba, ilikuwa imelika hadi kuonyesha kitambaa.

"Dada Eliwaza!" Yona alifungua mikono. "Sina maumivu hata bila mkanda. Tangu juzi! Nimebeba dumu asubuhi, lilelile. Bado siku nne, napanda."

"Keti. Vua viatu. Inua vidole vya mguu wa kulia."

Viliinuka.

"Vya kushoto."

Yona aliviangalia. Aliviangalia kama mtu anayemwita mbwa wake asiyekuja. Kidole gumba kilitikisika mara moja, kikalala.

"Umekufa ganzi kidogo," alisema. "Ni kwa kulala vibaya."

Eliwaza alichukua sindano ya kupimia, akamwambia afumbe macho, akamgusa juu ya unyayo. Akamgusa tena. Akamgusa kwa nguvu mpaka tone la damu likatoka, na Yona, macho yamefumbwa, akauliza, "Utaanza lini?"

Akamfunga mkanda chini ya shati; Damari alikuwa ameshajifunga wake mwenyewe na kuketi mahali pake. Eliwaza alienda nyuma ya kiti kana kwamba anaurekebisha, akaizima swichi. Taa ndogo ya kijani ikafa. Akarudi, akaushika mguu wa Yona, akaunyoosha juu.

"Ngapi, mama?"

"Mbili," alisema Damari.

Eliwaza aliushusha mguu polepole sana. Alimfungua Damari mkanda, akajifunga yeye, jambo ambalo mtaalamu amekatazwa kabisa. Si damu yake. Alijua angepata kelele na mikwaruzo tu, lakini hata mgeni husikia kitu. Aliwasha. Aliunyoosha mguu wa Yona hadi mwisho, akaurudisha unyayo nyuma, akangoja moto. Alitamani uje. Angetoa chochote uje.

Kiunoni mwake hapakuwa na kitu. Palikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa.

*

"Usimwambie," Damari alinong'ona pale kwenye ujia, kando ya kabati. "Nakuomba kwa jina la mama yako. Mwambie ni mashine."

"Ilikuwa ngapi, mama? Kabla ya Jumatano."

"Siku nyingine tisa. Siku nyingine sikuwa na namba yake. Jumatano nilivaa mkanda, nikasubiri, hayakuja. Nikajua Mungu amesikia. Nilitaka kukuambia, lakini ningeanzaje? Ningesema leo sifuri, ungeniuliza ya jana."

Fomu ya kufunga tiba ilikuwa mezani. Swali la nane: Je, msikizi alitoa namba za kweli? Ndiyo. Hapana. Akiweka alama kwenye Ndiyo, kosa ni la mikono ya Eliwaza, na mikono hiyo haitagusa mgonjwa tena. Akiweka kwenye Hapana, kituo kimesalimika, naye amesalimika, na mwana atasomewa kwa sheria kwamba mama yake ndiye aliyemlemaza. Hakukuwa na kisanduku cha mtu aliyeona vidole vikikwaruza sakafu akaandika mbili. Waliotengeneza fomu hawakumfikiria mtu kama huyo, au walimfikiria wakaona haya.

Angeweza kuchukua lawama yote. Ilimjia, na ilikuwa fikra nzuri yenye harufu ya utakatifu. Lakini hiyo nayo ingekuwa mbili nyingine, imesemwa kwa uso mtulivu, kwa ajili ya mtu ambaye hakuulizwa. Alichukua kalamu, akaweka Hapana, na chini yake, mahali pasipo na mstari, akaandika: *Mtaalamu alijua tangu siku ya sita.* Akatia saini. Kisha akaingia ndani na kumwambia Yona yote, tangu kandambili hadi karanga, na kwamba amemwandikia rufaa ya kwenda Dodoma leo hii kwa madaktari wa upasuaji; kwamba wakiutoa mbano huo mapema neva huenda ikarudi kidogo, na huenda isirudi.

Yona alisikiliza mpaka mwisho. Hakumtazama Eliwaza hata mara moja.

"Mama. Ilikuwa tisa?"

"Mwanangu..."

"Mimi nilikuwa nasimulia habari za mijusi, wewe ilikuwa tisa?"

"Nilivumilia kwa ajili yako."

"Nani alikuomba?" Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Maumivu yalikuwa yangu. Mungu alinipa mimi, yaniambie kitu. Wewe ukayaziba mdomo."

Alivaa viatu, cha kushoto akakisukuma kwa mkono kwa kuwa mguu haukujua kuingia, akaichukua rufaa, akatoka.

Tap, paa. Tap, paa.

Damari aliunyakua mkanda juu ya kitanda na kujifunga kiunoni, vidole vikikosea kifungo. Wa Yona alikuwa bado nao chini ya shati, hakukumbuka kuuvua. "Washa," alisema. "Washa, binti, hajafika mbali. Labda akitembea yatarudi."

Eliwaza aliwasha. Taa ya kijani ikawaka. Damari alifumba macho, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlango wa chumba cha mgonjwa. Nyayo zilikuwa zinafika mwisho wa ujia.

"Ngapi, mama?" Eliwaza aliuliza.

Mwanamke aliyezaa watoto sita bila jirani kusikia alifungua mdomo.

"Sifuri," alisema, na ilikuwa namba ya kwanza ya kweli katika siku kumi na mbili. Kisha akapiga kelele. Alipiga kelele mpaka wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakasimama, mpaka mkuu wa kituo akatoka ofisini kwake na kikombe mkononi. Nje, kwenye ngazi za lango, Yona aliisikia pia. Alisimama kidogo, mkono kwenye nguzo, kisha akautupa mguu wake wa kushoto mbele na kuendelea kushuka.